Nimalizie mbio alizoziacha mwanangu?

Ruwais, Jeddah
11 Januari 2026

Kwa Bi Zeinab,

Assalamu alaykum. Nakuandikia wewe uliye mbali kwa sababu kila mtu ninayeweza kumwomba ushauri hapa kwetu ama anamjua mke wangu, ama ana mama anayemjua mke wangu, na jambo lenyewe ni la kumficha yeye, nami nimelibeba peke yangu mpaka nimechoka, kwa hiyo naomba unisaidie na unisamehe kama maneno yangu yatakosa mpangilio. Jina langu ni Mselem, umri wangu unakaribia sitini, nimezaliwa hapa Jeddah na wazee waliotoka Unguja mwaka wa sitini na nne, nilisoma kidogo nikaacha, nikaingia kazi katika stoo ya vipuri vya magari na mpaka leo nipo, na Kiswahili changu ni kile cha nyumbani, cha mama yangu.

Mwezi uliopita tulimzika kijana wetu Sultan huko Riyadh. Alikuwa fundi wa viyoyozi katika jengo moja la maofisi pale Olaya, kazi yake ilikuwa juu ya mapaa, na siku za mapumziko alikuwa hana jingine ila baiskeli ya milimani. Kila msimu wa baridi, jua likishapungua makali, kuna mbio za raundi nne, mbili katika vilima nyuma ya Jeddah na mbili chini ya majabali nje ya Riyadh. Mbio zenyewe ni za kustahimili, mtu anaizunguka njia ileile ya mawe tangu asubuhi mpaka alasiri, na anayekosa raundi moja hahesabiwi kuwa amemaliza msimu. Sultan alikuwa akianza kila mwaka na hakuwahi kumaliza hata mmoja. Mama yake tangu zamani akimwita Bwana Nusu, kwa sababu chai alikunywa nusu akaacha kikombe juu ya friji, karate alisoma nusu, chuo nusu, hata kusuka ukili alipofundishwa na bibi yake alifika nusu ya mkeka. Na yeye akicheka, "Mama, ile nusu ya pili nimekuwekea wewe." Mpaka leo nikifungua friji mkono wangu hupapasa juu kwanza, nisije nikamwaga kikombe.

Msimu wa joto uliopita mke wangu Muna alifanyiwa upasuaji wa moyo, wakamwekea vali ya chuma, na ukikaa naye chumbani kimya unaisikia inavyogonga. Sultan alipokuja likizo aliweka sikio begani kwake akasema, "Mama, saa yako inakwenda mbele, itabidi tusali mapema," naye akampiga kikofi cha kisogoni, tukacheka sote watatu. Alipona vizuri. Daktari alimpa vidonge vya kuzuia damu isigande, vya kumeza kila siku maisha yake yote, na kwenda kupimwa damu.

Raundi ya kwanza na ya pili Sultan alimaliza, tukashangaa. Ya tatu ndiyo iliyomchukua. Kwenye mteremko mmoja mbaya alianguka juu ya mawe akaumia kifua na shingo, gari la wagonjwa likamfikia bado anapumua, lakini hawakufika naye hospitali. Niliruka kwa ndege, nikamwosha mwenyewe nikisaidiwa na rafiki yake Hamad, na katika mkunjo wa sikio la kushoto palikuwa na vumbi jekundu ambalo maji hayakulitoa, nikalitoa kwa pamba taratibu, kama nilivyokuwa nikimtoa mchanga tukirudi pwani akiwa mdogo. Muna hakuweza kusafiri. Alimuaga kijana wake kwa simu, mimi nimemshikia karibu na uso wa Sultan, nikasikia pumzi zake tu.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Hamad ni kijana wa jirani yetu hapa Ruwais, wamekua pamoja na Sultan, na raundi zote walikuwa wakienda pamoja. Siku ya pili baada ya maziko, tulipokuwa tunarudi Jeddah kwa gari lake na baiskeli mbili zimefungwa nyuma, alisimamisha gari kwenye kituo cha mafuta akaniambia, "Ami, kuna kitu nikikaa nacho kitanitia wazimu." Akanieleza kuwa asubuhi ya ile mbio Sultan alikuwa na homa kali, na yeye alimwambia, "Macho yako mekundu kama umepakwa pilipili, halas bwana, rudi kwenye gari ulale." Sultan akamjibu, "Siwezi. Nina nadhiri." Nadhiri gani? "Mama alipokuwa ndani anapasuliwa, nilisema, ya Rabbi, akitoka mzima, nitamaliza raundi zote nne za msimu ujao, sitaacha hata moja. Mungu kashafanya lake. Mimi sasa nimfanyie nusu?" Akapanda baiskeli. Na Hamad, aliyekuwa nyuma yake kwenye ule mteremko, anasema hakumwona akigusa breki hata kidogo, alikwenda kama mtu aliyesinzia.

Bi Zeinab, hapa ndipo unapotakiwa unielewe mimi ni mtu wa namna gani. Kwa kuwa tunakaa hapa karibu na Makka, watu wetu wa Unguja hunipigia simu wakifiwa, "Mselem, bibi ameondoka na hakuwahi kufika huko, tunakuomba umfanyie umra," nami huvaa ihramu nikaenda, nikamtaja jina mtu ambaye mara nyingine hata sura yake siijui, nikamfanyia yote mpaka mwisho. Nimefanya hivyo tangu ujana wangu. Jirani zangu hunitania, "Huyu ndiye wakala wa marehemu." Basi kwangu mimi, mtu kufa na ibada yake haijatimia na mwingine akaishika akaimaliza, hilo ni jambo la kawaida kabisa, nimelifanya kwa watu wa mbali, nitashindwaje kumfanyia mwanangu? Mtoto wangu amekwenda mbele ya Mola wake na raundi moja iko shingoni, maana ile ya tatu aliyofia naihesabu kuwa ameitimiza. Nikilala namwona amesimama na kile kikombe chake cha nusu.

Kwa hiyo nimeamua kuiendesha raundi ya nne mimi. Itakuwa mwisho wa mwezi huu, kulekule chini ya majabali, njia ileile. Waandaaji wamenihurumia wakakubali niitumie namba yake. Baiskeli ni yake, imenyooshwa gurudumu. Hamad kwanza alikataa, nikamwambia bila yeye nitakwenda peke yangu, basi ananifundisha, alfajiri kwenye njia ya pwani na siku za mapumziko kwenye vilima. Sikupanda baiskeli tangu nina ndevu nyeusi. "Ami," ananiambia, "mbona umeung'ang'ania usukani kama umeshika kondoo wa Idi? Haukimbii huo! Legeza mikono!" Na vijana wa pwani wakiniona napanda kamlima hupiga makofi, "Yalla ya ammi, yalla!" nami nawapungia mkono, na wallahi mara nyingine najisahau nikafurahi, halafu naona haya kufurahi. Nina kisukari cha muda mrefu na miguu yangu hufa ganzi. Wiki iliyopita nilianguka, goti likachanika, na mpaka sasa halijakauka.

Muna nimemwambia ni mazoezi ya sukari. Aliniangalia nikifunga ile helmeti akasema, "Baba Sultan, sukari gani hiyo inayotibiwa kwa kofia ya chuma?" Nikacheka, yeye hakucheka. Siku nyingine alinikuta nasafisha mnyororo ukumbini, akasimama mlangoni akauliza, "Unataka kumalizia nini?" Nilishtuka kwa neno lile, nikasema kazi hii ya mafuta tu, namalizia, akaondoka.

Ninaogopa kumwambia kwa sababu ataelewa jambo moja tu, kwamba mwanawe amekufa kwa ajili ya kupona kwake. Na moyo wake ni ule uliopasuliwa. Tangu msiba hayuko sawa, na hilo ni la kawaida, nani atakuwa sawa, lakini siku za mwanzo alikuwa analia na watu, anakula kidogo, anaongea habari za Sultan. Kisha siku moja mama yake Hamad, Bi Mwanamize, alikuja akaingia naye chumba cha ndani wakafunga mlango, wakakaa muda mrefu, mimi nilikuwa natengeneza kahawa ya wageni. Tangu siku ile amenyamaza. Usiku ule hakula, aliniambia, "Bora ningebaki kulekule," nikajua ni majonzi, nikamsomea. Binti yetu Nada huja na gari kumpeleka kupimwa damu, lakini Muna humwambia leo kuna baridi, nenda, wiki ijayo. Lakini kwa upande wa mwili namshukuru Mungu naona ana nafuu, kwa sababu zile alama za buluu alizokuwa akizipata mikononi kila akigusa meza zimeondoka zote, ngozi yake imekuwa safi, na hata vidonge havituishii upesi kama zamani, duka la dawa sijakwenda siku nyingi. Nikimuuliza, husema ameshameza. Kwa hiyo nasema, mwili umetulia, nisije mimi nikauvuruga kwa maneno.

Naomba uniambie kama ninayo haki ya kumalizia alichokiacha mwanangu, na kama nimwambie mama yake kabla sijaenda, au nimalize kwanza nirudi, nimwambie kuwa limekwisha na Sultan hadaiwi tena. Mimi naona hili la pili ndilo la huruma, lakini sina mtu wa kuniambia ndiyo.

Na uamue utakavyoamua, nakuomba umtaje Sultan wetu katika dua zako, na sisi wazee wake utukumbuke.

Ndugu yako,
Mselem


Bi Zeinab anajibu

Ndugu yangu Mselem, wa alaykumu ssalaam. Mungu amrehemu Sultan na akupe subira. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikalia, nikaisoma mara ya pili nikakasirika, na jibu hili linaandikwa na yule wa mara ya pili. Nimekutumia wewe kwanza kwa simu kabla halijafika gazetini, na msomaji ajue kuwa majina si haya.

Weka baiskeli chini. Inuka ulipokaa, nenda kaangalie vidonge vya mkeo. Ukishaangalia ndipo urudi kusoma yanayofuata.

Umeniandikia kwa mkono wako kuwa alama za buluu zimeondoka, vidonge havipungui, na kupimwa damu hataki, kisha ukamshukuru Mungu kwa nafuu. Mselem! Nimempigia simu daktari wa moyo nikamsomea mistari yako hiyo bila kutaja jina. Hakuniacha nimalize. Anasema mtu mwenye vali ya chuma anayemeza dawa ile, alama za buluu ni jambo linalotarajiwa, damu yake imefanywa nyepesi. Zikipotea zote na dawa ikawa haipungui, la kwanza la kufikiri ni kwamba haimezi. Na asipoimeza, damu itaganda kwenye ile vali, na ikiganda inaweza kuziba moyo au kipande kikapanda kichwani, na haitatoa taarifa. Inawezekana mimi na daktari tumekosea. Natamani sana tuwe tumekosea. Lakini hilo litajulikana hospitali, halitajulikana kwa wewe kumtazama ngozi.

La pili. Unahangaika kumficha Muna habari ambayo Muna anayo. Kijana aliyekwambia kuwa neno hili litamtia wazimu, ulidhani alirudi nyumbani kwao akamkalia mama yake kimya? Alimwambia, na mama yake akavaa baibui akaja kwako, akafunga mlango, na wewe ukiwa jikoni na kahawa yako, mkeo akaelezwa yote. Simlaumu sana Bi Mwanamize, huenda alifikiri anampa zawadi, kumwonyesha mama jinsi alivyopendwa. Wako watu wanaokuja matangani na kisu wakidhani wameleta mkate. Tazama mwenyewe yaliyofuata: siku ileile akaacha kula, siku ileile akasema bora ningebaki kulekule, yaani kwenye meza ya upasuaji. Wewe ukasikia majonzi. Alikuwa anakwambia uamuzi. Na alipokuuliza unataka kumalizia nini, alikuwa amekufungulia mlango mpana ili muongee, nawe ukamjibu habari za mafuta ya mnyororo.

Kwa hiyo nyumbani kwako sasa hivi kuna watu wawili, kila mmoja anajua siri ileile na kila mmoja anamficha mwenzake, na wote wawili wanaelekea kaburini, mmoja kwa kutomeza vidonge na mwingine kwa kupanda baiskeli. Nada atabaki na nani?

Nakuja kwenye nadhiri. Mimi si mwanachuoni, nilimuuliza sheikh ninayemwamini, na wewe pia kaulize wa kwako, maana wana maoni tofauti. Aliyoniambia ni haya. Nadhiri anayoachiwa mrithi aitimize ni ile ya ibada, kama funga au hija. Kupanda baiskeli ni jambo la halali, ni zuri, lakini halikuwa ibada, na halihami kutoka shingo ya mtoto kuja shingo ya baba. Moyo wako ukiwa bado na wasiwasi, mtolee kafara ya kiapo, walishe maskini kumi. Umra ulizowafanyia watu wa Unguja ni kazi njema na Mungu akulipe, lakini zimekuzoesha vibaya: sasa kila kilichokatika unaona ni chako kukiunga. Mtu akifa katikati ya safari yake, hapo ndipo safari yake ilipofika. Sultan hasubiri. Anayesubiri ni wewe, na naona ulichokuwa unakitaka pale majabalini si raundi ya nne tu. Unakwenda mteremko uleule, baiskeli ileile, namba ileile, ukiwa na kisukari, miguu iliyokufa ganzi na goti bichi. Jiulize mbele ya Mungu wako kama ulipanga kurudi. Sikuhukumu. Nimewaona wazazi wengi wakitafuta mlango waliopitia watoto wao. Nakwambia tu kwamba nimekuona.

Na nadhiri ile haikumtaka apande akiwa na homa. Hilo alijitwika mwenyewe, kwa ujana, kwa kutotaka kuitwa nusu tena, na Mungu ni mwingi wa rehema kuliko tunavyomwekea masharti.

Sasa sikiliza la kufanya, na usilipunguze.

Leo hii, si wiki ijayo, mpigie Nada aje na gari. Usimwambie Muna kwamba mnakwenda matembezi, msimdanganye tena hata kwa jambo dogo. Kaa naye kabla ya kutoka, mkiwa wawili, mshike mkono, umwambie hivi: "Muna, najua kuwa unajua. Mimi pia najua, nimekuficha, na nimekosea." Kisha nyamaza. Atalia, au atapiga kelele, au atakulaumu, mwache. Usimsomee, usimnyamazishe. Akimaliza, mweleze maneno ya Sultan kama alivyoyasema, maana pengine jirani alimletea kifo tu akaacha maneno: Mungu kashafanya lake. Ni kijana aliyekuwa na shukrani asubuhi ile, aliyeamka akijua mama yake yu hai. Kilichomuua ni homa na mteremko. Kama akikwambia ni yeye aliyemuua, mwambie hapana, na umwambie kila akisema, hata kama ni mwaka mzima, bila ya kuchoka na bila ya kukasirika.

Kisha mwende hospitali, mkaseme ukweli mbele ya daktari: ameacha dawa tangu lini. Asianze kuzimeza mwenyewe nyumbani, wala kuzimeza nyingi kwa pamoja ili kufidia, hilo daktari amelisisitiza, damu ipimwe kwanza. Mwambieni daktari pia kuwa mama huyu amefiwa na hataki kuishi. Ni ugonjwa kama mwingine na una watu wake. Tangu leo vidonge unampa wewe, kwa mkono wako, unamwona anameza, na yeye akuangalie wewe ukimeza vya sukari na akufunge hilo goti. Akikataa siku moja, mpigie Nada siku hiyohiyo.

Hamad. Kijana, najua Ami wako atakusomea hapa. Umepoteza ndugu mbele ya macho yako na hukuwa na mahali pa kulitua jambo hilo, nakuhurumia. Lakini mzee akikwambia atakwenda peke yake, hufundishi mzee kushuka mawe, unawaita watu wa nyumbani kwake. Umeshamwacha mtu mmoja mgonjwa apande. Ile baiskeli ichukue leo, iondoke ukumbini, ikae kwenu. Namba uwarudishie waandaaji na uwaombe radhi. Wewe ukitaka kuendesha raundi ya nne kwa jina lako, umepona, umelala, huna homa, endesha. Ukitaka kupumzika msimu huu, hakuna atakayekuita nusu.

Siku ya mbio, Mselem, utakuwa Jeddah. Sitaki uende hata kutazama. Kama sheikh wako ataona ile kafara inafaa, iwe siku hiyo: pikeni wewe, Muna na Nada, mpeleke chakula mtaa wa Karantina kwa wale akina mama wa Kiafrika wasio na mtu, muwape mkononi, mkae nao wanapokula. Muna apakue. Mwache aulizwe na watu wasiomjua, "Mama, una watoto wangapi?" na ajibu anavyotaka.

Uliniuliza kama una haki ya kumalizia alichokiacha mwanao. Siku ile ya upasuaji kijana yule aliomba kitu kimoja, mama yake awe hai. Baiskeli ilikuwa ahadi tu ya kushukuru. Ukitaka kushika kazi yake, shika hiyo, na ni kazi ya kila siku.

Usiniandikie shukrani. Niandikie kipimo cha damu kimesemaje.